Kosa la Karatasi

9 Januari

Kwako Kijiti, mdogo wangu,

Huku tupo, tunasukuma siku. Miguu ya Mama inavimba jioni na kunywea asubuhi. Daktari kasema apunguze chumvi, naye kasema daktari apunguze maneno. Fundi saa wa mlango wa pili anakusalimu, anauliza kama bado unakula kucha. Shemeji mwambie koti nililomshonea likimbana asione haya kusema, ndani nimeacha kitambaa cha kulipanua.

Sasa lililonikalisha kitini. Nimemchora Mama. Nimetumia penseli za rangi ulizoniachia ulipoolewa, zilizobaki kumi na saba, na karatasi ni manila ya dukani. Alikaa dirishani siku kumi na moja, saa moja kila siku baada ya chakula cha mchana. Alinisumbua mno. "Unanikodolea macho kama nimekuibia!" Siku nilipomaliza akaitazama mpaka nikaogopa. Kisha akaomba kioo. Akatazama picha, akatazama kioo, akasema, "Kumbe nimekuwa mtu mzima hivi." Alisema bila huzuni, kama mtu aliyeletewa habari ya kweli.

Uliandika mwaka jana kwamba hapo kwenye ukumbi wa maonyesho unakofanya kazi, mtu yeyote anaweza kuleta kazi yake ikatazamwa na wachaguzi. Basi ninaileta. Nimeiweka kati ya mbao mbili nyembamba na kuishonea ndani ya turubai, maana gundi ya posta siiamini. Uzi mweupe ulikwisha, nimeshona kwa wa buluu. Wewe ikabidhi tu, usinipigie debe.

Mama anauliza kila siku, "Watanining'iniza?" Namwambia asiseme hivyo mbele za watu, watadhani ameua.

Dada yako

2 Machi

Shikamoo Dada,

Mfikishie Mama naye shikamoo yangu, na mwambie miguu ainyanyue juu ya mto anapokaa. Mimi na shemeji yako hatujambo. Yeye wamempa zamu mbili hospitalini, tunaonana mlangoni tu, mmoja anatoka mwingine anaingia. Unisamehe kwa kimya. Kazi imenipanda kichwani.

Kifurushi kilifika salama na kazi yako niliipeleka. Dada, haikupita. Usivunjike moyo, kosa si la mkono wako. Kosa ni la karatasi.

Karatasi ya penseli za rangi lazima iwe na meno. Ukiipapasa unasikia inakwaruza kidogo, kama ulimi wa paka. Meno hayo ndiyo yanayoishika rangi. Manila ni laini. Ukishapaka tabaka tatu au nne imeshiba, na rangi inayofuata inateleza juu yake. Shavu la kushoto, kwa mfano, limeng'aa kama sakafu iliyopigwa dawa. Tena manila hutengenezwa kwa mti, baada ya miaka michache inageuka njano yenyewe. Wachaguzi hawapendi kuweka ukutani kitu kitakachozeeka kabla ya mwenyewe.

Tafuta karatasi ya pamba, nzito, isiyokunjika ovyo ukiishika kwa ncha moja. Wanapokea tena Juni. Lakini usijilazimishe, Dada. Una kazi nyingi.

Mdogo wako, Kijiti

17 Mei

Kwako Kijiti,

Tumeamka salama, isipokuwa cherehani, imevunjika mguu wa kushikia kitambaa, na Mama, ambaye sasa anavimba hata asubuhi. Barua yako nilimsomea. Pale uliposema haikupita nikaruka. Akanirudisha: "Umemeza kitu hapo. Kitapike." Nikakitapika.

Ulisema shavu la kushoto. Nadhani ulitaka kusema la kulia, kwa sababu Mama amegeukia dirisha na la kushoto halionekani. Najua mikononi mwako zinapita picha nyingi.

Kuhusu karatasi, nakushukuru kwelikweli. Nilikwenda madukani wakanionyesha karatasi za kufungia zawadi. Mwisho fundi saa akanipeleka kwa mzee mmoja anayejalidi vitabu nyuma ya kiwanda cha uchapaji. Mzee huyo hasemi na watu, anasema na karatasi. Aliniwekea aina saba mezani. Nikafumba macho, nikazipapasa kama ninavyopapasa kitambaa sokoni, ili nisidanganywe na rangi. Kumbe ni jambo lilelile! Moja ilikuwa ngumu na utelezi kama kola yenye wanga, moja laini isiyo na uhai kama shuka iliyofuliwa miaka kumi. Ya tano ikanikwaruza kidole. "Hiyo ya pamba," akasema, na hayo ndiyo maneno yote niliyomsikia siku ile.

Alinipa vipande vya pembeni nivijaribu. Nilipaka hudhurungi juu ya nyekundu juu ya buluu, nikihesabu. Manila ilishiba kwenye tabaka la nne, hii ilichukua kumi na tatu na bado ikaniomba. Niliipenda nikaona aibu kwa miaka yote niliyochora migongoni mwa kalenda.

Mama amekaa tena, siku kumi na nne safari hii. Anachoka upesi. Mto wa miguuni ulisaidia, ahsante. Amevaa kilemba cha zambarau ulichomletea ulipokuja mara ya mwisho. Mara ya mwisho ilikuwa lini, hata? Usinijibu hilo, nijibu la picha.

Kifurushi kinaondoka leo na barua hii. Uzi ni uleule wa buluu, nimeuzoea.

Dada yako

11 Julai

Shikamoo Dada,

Nimechelewa tena, najua. Shemeji yako anakusalimu, koti linamkaa vizuri, amelivaa mpaka kwenye joto. Mama akubali kupimwa damu, asibishane na daktari.

Ile ya pili nayo haikupita. Sijui niseme vipi. Walitambua kwamba umebadilisha karatasi. Lakini sasa meno yamezidi ukali. Ukipaka, rangi inashika vilele tu, na katikati yanabaki madoa meupe, uso unaonekana kama umenyunyiziwa unga. Tatizo kubwa ni ule weupe wenyewe. Uso mweusi hauanzi kwenye weupe, Dada. Unatumia nusu ya nguvu zako kuufukuza. Wanaojua huanza na karatasi iliyokwisha kuwa na rangi, ya kahawia au ya udongo, yenye meno madogo. Hapo giza linakuwapo tayari, wewe unaleta mwanga tu.

Nashauri upumzike mwaka huu. Mama mwenyewe hali si nzuri, kwa nini umkalishe?

Mdogo wako, Kijiti

30 Julai

Kwako Kijiti,

Salamu zetu ni zilezile, sina mpya. Damu wamepima. Ni figo.

Nikuambie Mama alivyosema. Nilipomsomea barua yako alishika mdomo wake, halafu paji la uso, taratibu, kama anatafuta kitu alichokiangusha. Akasema, "Labda si karatasi, mwanangu. Labda ni uso wangu." Nikamwambia asiseme upuuzi. Akasema, "Mara mbili? Watu wa mjini wana adabu, hawawezi kumwambia mtu mama yako anatisha. Watasema karatasi."

Kijiti, hujaniambia walisemaje juu ya macho. Mara zote mbili umeandika karatasi, karatasi. Kweli nimejifunza, sikatai. Lakini macho yale nilikesha nayo kichwani. Walisemaje? Wewe mwenyewe je, ulipoyatazama? Mama anataka kujua, nami nataka kujua. Hata kama ni baya andika.

Ya kahawia nimeipata kwa mzee wa vitabu. Zilikuwa karatasi tatu, zimebaki kwenye kabati lake tangu alipokuwa kijana hadi leo. Nimekata kipande, nimekibandika dirishani, nusu nimeifunika na mkebe, nione jua litaifanya nini. Kumshauri mtu apumzike ni rahisi. Mama ndiye anayesema tuendelee: "Wasiponitaka na hiyo, basi nitajua."

Dada yako

19 Agosti

Shikamoo Dada,

Haraka haraka, mtu wa posta anangoja. Macho walisema yako sawa. Mwambie Mama uso wake hauna kosa lolote, nimekwambia ni karatasi. Oktoba naenda semina ya mwezi mzima. Nitakuja Desemba, inshallah, tukae.

Kijiti

14 Septemba

Kwako Kijiti,

"Yako sawa." Haya.

Kipande cha dirishani nimekibandua. Wiki sita za jua, na nusu iliyofunikwa haikutofautiana na iliyo wazi. Nimechora juu ya hiyo.

Mama hakai tena. Nilimwegemeza kwa mito minne, nikachora nusu saa asubuhi, nusu saa alasiri, siku nyingine dakika kumi tu. Ulichosema cha giza kuwapo tayari ni kweli tupu. Niliacha karatasi yenyewe iwe shavu, nikaleta mwanga kidogo juu ya mfupa, kidogo juu ya mdomo, na ghafla alikuwa pale, Kijiti. Nikaogopa penseli. Fundi saa aliingia kuniletea barua, akaiona, akavua kofia. Yule ambaye hata msibani havui.

Anakojoa kwa taabu, anachanganya siku. Moja tu hachanganyi: picha iko wapi, wamesemaje. Picha inaondoka leo na barua hii. Nakuomba, safari hii usingoje kuandika. Piga simu dukani kwa fundi saa. Neno moja linatosha, ndiyo au hapana. Usiogope hapana.

Dada yako

20 Oktoba

Shikamoo Dada,

Nimefika salama, na pole tena, pole yetu sote. Bado nasikia kilio cha siku ile nilipoingia na kukuta kaburi la Mama lina siku mbili. Walionificha habari huku semina wakidhani wananisaidia sitawasamehe. Ahsante kwa kunipa kitanda chake nilale zile siku tatu. Shemeji yako anakupa pole, anasikitika zamu hazikumruhusu. Tunahama nyumba mwisho wa mwezi, yeye anafungasha peke yake huku mimi namalizia semina.

Uliniuliza pale nyumbani kuhusu picha ya tatu. Ni kama nilivyokujibu, bado wanaijadili. Wachaguzi wanakwenda polepole.

Kijiti

5 Novemba

Kijiti,

Jana fundi saa aliniletea mzigo kutoka kwa mumeo. Ulikuwa na karatasi hii ndani, nakunakilia neno kwa neno, usije ukadhani namsingizia:

"Shemeji, pole sana na msiba wa mama. Katika kuhama nimekuta vifurushi hivi vitatu juu ya kabati, chini ya mablanketi ya wageni. Naona vimetoka kwako na havijafunguliwa. Mke wangu hayupo nimuulize. Nimeona kwa kuwa mama hayupo tena, huenda vina vitu vyake ambavyo ungependa kubaki navyo. Koti bado zuri."

Havijafunguliwa. Niliviweka juu ya meza ya kukatia. Mishono ni yangu, uzi wa buluu, ncha nilizificha mwenyewe kwa ndani. Nilitafuta mahali ulipokata ukashona tena, nikakutafutia njia ya kutokea, naapa. Niligeuza kila upande. Mimi ni fundi, mshono wangu naujua kama meno yangu. Hakuna aliyeugusa.

Nikakata mwenyewe. Mama watatu mezani.

Sakafu iliyopigwa dawa ilikuwa wapi? Na ule unga? Uliniambia walitambua kwamba nimebadilisha karatasi. Kina nani? Mablanketi? Shavu la kushoto sikulichora, Kijiti, na mimi mjinga nikakusahihisha kwa adabu.

Sasa nikueleze siku ya mwisho ya Mama, maana ulipokuja nilikuficha, nisikuumize. Mchana ule alikuwa na akili zake zote. Akaniuliza, "Wamenichukua?" Simu haikupigwa. Nikasema, "Ndiyo Mama, imepita." Akanyoosha mkono. "Nisomee barua." Sikuwa na barua ya kumsomea. Nikachukua ile yako ya Agosti ya mistari minne, nikaishika mbele ya macho yangu, nikasoma mambo ambayo hayamo: wamesimama mbele yako, Mama, mmoja wao kauliza huyu mama ni wa wapi. Alinitazama mpaka nikaishiwa maneno. Akasema, "Imekuwa ndefu, karatasi ndogo hivyo." Akageukia ukutani. Jioni akafariki.

Sijui kama aliamini. Sitajua. Na wewe ulilala kwenye kitanda kile siku tatu, ukala kwa mkono wangu, nikakuuliza, ukaniambia wanaijadili.

Nijibu kwa nini. Karatasi usiitaje.

22 Novemba

Dada,

Sina salamu za kukupa, naona haya hata kuamkia.

Sikufungua kwa sababu nilijua nitakachokiona. Huo ndio ukweli na hauna mapambo. Tangu utotoni najua. Mimi nilipelekwa chuo kwa kuwa wewe ulishaingizwa kwenye cherehani, na kila aliyekuja nyumbani alisema mdogo ndiye mchoraji. Mama hakuwahi kusema hivyo. Alikuwa anatazama daftari langu, kisha la kwako, kisha anakwenda kupika.

Dada, mimi si mtu wa maana hapa. Nakaa kwenye dawati la mapokezi. Naandika jina, natoa risiti, nabeba kazi za watu hadi chumba cha ndani. Kwa miaka sita nimepeleka za kwangu, na sijachaguliwa hata mara moja. Shemeji yako hajui. Kifurushi chako cha kwanza kilifika wiki niliyorudishiwa kazi yangu ya sita. Nilikishika mapajani, nikaingiza mkasi kwenye mshono, nikautoa. Nikasema nitafungua kesho. Halafu tarehe ikapita, ikabidi nikuambie kitu. Niliyokuandikia yote juu ya karatasi ni masomo ya chuo, ni ya kweli, sikukudanganya hapo. Nilidhani utachoka. Wewe kila mara ulikwenda ukaitafuta karatasi kwelikweli, na kila ulipoitafuta nikazidi kuogopa.

Kuhusu Mama siwezi kuandika. Nimejaribu.

Nipige, nitukane, lakini usininyamazie. Nitaziandikisha zote tatu mwenyewe Januari, nitasimama mbele yao. Na nakuomba unigawie moja, yoyote, hata ile ya manila. Nikifumba macho uso wake unanijia bila pua, bila mdomo. Nimebaki na kilemba tu.

Kijiti

8 Februari

Kwako Kijiti,

Nilikaa bila kukuandikia kwa makusudi. Nimepona malaria, cherehani nimeibadilisha, nyumba inavuja upande wa jikoni. Hizo ndizo habari.

Hukuhitaji kuniandikisha. Nilikuja mwenyewe tarehe kumi na mbili ya Januari, na ile ya kahawia kwapani. Uliniona nikivuka ua, ukasimama, ukaingia chumba cha nyuma. Mwenzako mwenye miwani akanipokea, akaandika jina, akanipa risiti. Nilikaa kwenye benchi dakika ishirini nione kama utatoka. Mlango ule una upenyo chini, viatu vyako nilivitazama. Havikusogea. Nikaenda kupanda basi.

Majibu yalifika juzi, pamoja na picha. Nimekataliwa. Safari hii ni kweli, kuna muhuri. Wameandika: "Kazi imefanywa kwa uangalifu, na karatasi imechaguliwa vizuri sana. Hata hivyo, picha za wazazi tumepokea nyingi mno mwaka huu."

Nilicheka mpaka fundi saa akaja kuuliza kuna nini. Karatasi imechaguliwa vizuri sana! Basi hongera, mwalimu.

Huenda mwaka jana wangenikataa vilevile. Huenda mara zote tatu. Ningemwambia Mama, "Wamekataa, wana wazazi wengi," naye angesema, "Kumbe na wenzangu wamekaa dirishani," angecheka, angeomba chai. Ndivyo alivyokuwa, aliweza kumeza hapana. Wewe hukuninyima ukuta, Kijiti, kuta sina haja nazo, ninazo zangu zinavuja. Ulimnyima Mama jibu. Akafa anashika uso wake akitafuta kosa.

Ulisema nisikunyamazie, na leo nimesema. Baada ya hapa, la msiba au la ugonjwa nitamwandikia mumeo, na yeye ataniandikia. Yeye sina neno naye.

Picha sikupi. Moja iko kwa fundi saa, aliiomba kwa heshima. Mbili ziko na mimi. Unasema uso wake unakujia bila pua wala mdomo. Ya kahawia zilikuwa tatu: moja nilimchorea Mama, moja niliikata vipande vya majaribio, na ya tatu imebaki nzima. Ndiyo hii, nimeiviringisha ndani ya bomba isikunjike. Meno yake ni madogo, inabeba tabaka nyingi, jua haliiharibu. Zaidi ya hiyo hakuna, mzee wa vitabu amenihakikishia.

Mchore mwenyewe. Ukimaliza, usinitumie.

Dada yako